Supu Iliyolala

Treni ya Kigoma ilitangazwa saa nane usiku.
Saa kumi na moja reli ilikuwa bado kimya,
mkaa wa shangazi Kalunde umeshakuwa majivu,
na baridi ya Julai, ninyi wa Tabora mnaijua,
inapenya kwenye kanga bila kubisha hodi.

Makongoro tuliyababua jana yake, tukayakwangua
kwa kisu butu, tukayachemsha kutwa
na ndimu, chumvi, tangawizi, hadi kano zikalegea.
Sasa nafunua sufuria: mwiko umesimama wenyewe.
"Shangazi, supu imekufa."
Akainama, akaigusa kwa kidole.
Ikatetemeka kidogo, ikatulia.
"Haijafa. Imelala. Lete kisu."

Akaikata kama anakata sabuni ya mche.
Kila kipande na kano lake ndani,
na jani la kotimiri limekwama katikati,
linaogelea, haliendi popote.

Treni ikaingia na jua.

Wa kwanza mzee wa Kasulu, Ntibashigwa
(jina nililisoma kwenye gunia lake la maharage).
Alikitazama kipande, nacho kikamtazama.
"Mimi, binti, sili kitu kinachonitetemekea
kabla sijakifokea."
Akanunua chai kwa jirani.

Mwalimu wa kike aliyepandia Kaliua
alionja kwa ncha ya kijiko, akafumba macho.
"Gundi ya seremala," akasema.
Shangazi hakuinua kichwa:
"Kipenda roho hula nyama mbichi, mwalimu.
Hii nimeipika saa tisa nzima."
Mtoto wake akakitikisa kisahani, akacheka,
akakitikisa tena, akacheka mpaka kwikwi,
kisha akaula mchezo wake wote
na kulamba kisahani.

Mama mmoja wa Ujiji, kapu la migebuka kichwani,
alisema kwao cha baridi ni maji tu.
Akaomba wali wa moto kwa mama Zuwena,
akaweka kipande juu,
tukasimama sote kutazama supu inavyoamka:
inalegea mabega, inajinyoosha,
inashuka pembeni mwa wali taratibu
kama mtu anayetafuta ndala zake gizani.

Halafu yule dereva wa lori la tumbaku
aliyemimina asali.
Asali! Juu ya kongoro!
Watu wakashika midomo.
Akala vitatu, akajipangusa, akaondoka anapiga mluzi.
"Huyo," shangazi alisema, "hata mie simtetei."

Wa mwisho bibi asiye na jino hata moja.
Hakutafuna. Alikiweka ulimini akangoja,
macho yake yakitazama behewa, hayaoni behewa.
"Nifungie vitatu. Mzee wangu kalazwa Itigi,
naye meno yalishamuaga."
Nikamwambia, bibi, jua litakiyeyusha njiani.
"Weka kwenye kopo lenye kifuniko.
Kikifika kimelala, atakula.
Kikifika kimeamka, atakunywa."
Shangazi akapokea hela, akazihesabu mara mbili
kama kawaida yake,
akatumbukiza cha nne bila kusema kitu.

Mimi je?
Mimi siipendi. Inanitelezea kooni
kabla sijaamua.
Shangazi hakuniuliza hata siku moja,
nami sikumwambia; nilikata, nilipanga, niliosha visu.

Siku hizi nina jiko la gesi, na sufuria yangu,
na hakuna treni ninayoingojea.
Lakini Julai ikija naacha bakuli dirishani usiku.
Asubuhi naigonga kwa kijiko,
naitazama inavyotetemeka, inavyotulia.
Kisha naipasha moto.